Fundi wa Viti Asiyekaa

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Duka la miwani linaendelea vizuri. Jana nilimpima macho mzee mmoja, na nilipomvalisha miwani akamtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu ndiye niliyekuja naye?" Mkewe akampiga na pochi. Bado nacheka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu unasema "salama" halafu unakata. Juzi nilihesabu: salama saba, "haya mama" moja, kwisha. Barua huwezi kuikata.

Habari yenyewe ni kwamba naolewa. Ndiyo, na yule fundi umeme uliyemwona mara moja, yule mrefu aliyegonga kichwa kwenye mlango wa karakana yako, nawe ukasema pole huku unautazama mlango. Ni tarehe 29 Agosti. Ni mtu mwema sana, ila ana mwili. Ameshavunja viti viwili vya dada yake.

Sasa sikiliza. Mbele ya ukumbi kutakuwa na viti viwili vya wazazi. Tangu dada yako alipofariki nikiwa na miaka sita, wazazi wangu mmekuwa wewe na mkeo, na ndiyo maana yeye nilimwita Mama. Kiti chake nitakitandika kile kitambaa chake cha buluu, kibaki hivyo hivyo. Nataka wewe ukae kando yake. Nasema ukae, Mjomba, siyo usimame mlangoni au uzunguke nyuma ukikagua miguu ya meza. Mama alikuwa akisema umewatengenezea watu wote wa mji huo mahali pa kukaa, lakini yeye hajawahi kuuona mgongo wako ukiegemea kiti hata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Na tangu atutoke mwaka jana naambiwa hata kula unakula umesimama, na karakana umeifunga.

Kuna mteja wangu aliyefiwa na mumewe. Alisaidiwa na mama mmoja mshauri nasaha ambaye yuko mji huo huo wa kwenu, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nenda mara moja tu kwa ajili yangu.

Mwanao,
Kijiko


8 Machi

Kijiko,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilifika mapema, ila aliipokea kinyozi jirani yangu, yule Redio, akaiweka kwenye droo ya mikasi akaisahau wiki mbili. Hongera sana. Nilifurahi mpaka nikamwambia yeye, na hilo lilikuwa kosa, maana sasa mji mzima umefurahi. Hata mtu wa maji alinipa mkono.

Paa la jikoni linavuja pale pale pa siku zote. Paka amezaa kwenye kapu la vipande vya sponji, wanne, mmoja ana doa puani kama amechovya wino.

Niliposoma jina lako mwisho wa barua nilikuona ulivyoingia humu siku ya kwanza, umeshika kile kijiko cha plastiki chekundu. Hukukiachia hata kuoga. Mimi nilitaka nikuchongee kidoli ili kijiko ukiweke chini. Mama yako akasema, "Mwache. Atakiweka akishaona kwamba tupo."

Kwa Mshauri nimekwenda. Nimeshakwenda mara tatu, kila Alhamisi saa tisa mchana. Mara ya kwanza nilipanda ngazi na mfuko wangu wa vifaa, nikidhani pengine ana mlango wa kurekebisha, ili nisionekane nimekwenda bure. Ni chumba kidogo. Kuna viti viwili na mkeka katikati, na saa ya ukutani imewekwa mahali ambapo wote wawili mnaiona. Kiti chake kinalia. Akiinama mbele kidogo tu, mguu wa nyuma wa kushoto unatoa sauti kama kifaranga. Kusema kweli, siku ile sikusikia alichosema. Nilisikia mguu.

Nikamwambia, "Haya mama, nipe huo ushauri niende." Akacheka. Akasema ushauri bila shaka watu wameshanipa wa kujaza gunia. Yeye, alisema, anataka tukutane kila wiki tutazame yanayopita kati yetu humo ndani, yeye na mimi, kwa sababu namna mtu anavyoishi na watu wake anakuja nayo hata pale, haiachi mlangoni. Nikamwambia kati yetu sioni kitu, naona mkeka. Akasema, "Basi tuanzie kwenye mkeka."

Ni mtu wa ajabu. Anauliza swali halafu anangoja, na wala haangalii simu.

Kwa ajili ya harusi nitakutengenezea kabati la milango mitatu. Niambie unataka vishikio vya namna gani.

Mjomba wako


17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sote wazima. Mchumba wangu anakusalimu, naye anasema paka mwenye doa la wino ni wake.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta jibu. Kabati nimelisikia, asante. Vishikio vya mviringo. Kiti sijakisikia.

Utakaa?

Kijiko


26 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Habari za huko? Hapa mvua imekuwa nyingi na nimeweka ndoo mbili jikoni. Paka wa doa nimemtunza. Redio amenyoa vibaya nusu ya kichwa cha mwalimu mkuu kwa sababu alikuwa akisimulia harusi yako, na mwalimu mkuu akarudi shuleni amevaa kofia.

Kwa Mshauri sitakwenda tena. Nakueleza ili usisikie kwa mtu mwingine.

Alhamisi moja niliwahi kufika. Akanikaribisha, kisha akatoka kwenda kuzungumza na mtu ngazini. Nikabaki na kile kiti. Wiki saba nimekisikia kikilia, mimi, fundi wa viti. Nikapiga magoti, nikakigeuza, nikaukaza ule mguu, nikapitisha na gundi kidogo. Aliporudi akaketi, akainama mbele. Kimya. Nikatabasamu kama mtoto aliyepata mia kwa mia. Naye akaniangalia, akasema, "Asante. Ulipopiga magoti hapo, Fundi, ulikuwa unakimbia nini?"

Nilijiona kama mwizi aliyekutwa na kuku. Nilisema nina mteja ananisubiri, nikachukua mfuko wangu nikashuka. Mteja gani, na karakana nimeifunga? Tangu hapo sijarudi.

Aliwahi pia kuniuliza nashika nini kila wakati kwenye mfuko wa shati. Nilimwambia ni skrubu. Sikumwambia ni ya nini.

Kuhusu ukumbi, nimefikiri. Watu watakuwa wengi na viti vya kukodi ni vibovu. Itafaa awepo mtu wa kuvizungukia.

Mjomba wako


4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, kazi nyingi.

Mtu akirudisha miwani hapa dukani akasema inamuumiza kichwa, hatumwambii aende zake. Tunamkalisha, tunapima upya. Pengine tulikosea sisi, pengine macho yake yamebadilika, lakini hatuwezi kujua kama ameitupa kwenye droo akakaa nyumbani. Mshauri alikuuliza swali likauma. Rudi umwambie limeuma.

Nami nina swali. Ninalo tangu mwaka jana. Nilikuandikia ukurasa mzima jana nikauchana. Linahusu zile siku mbili, nawe unazijua. Lakini sitaki kukuuliza kisha na mimi unikimbie, maana wa kukaa kwenye kile kiti sina mwingine.

Msalimie paka.

Kijiko


14 Juni

Mwanangu Kijiko,

Nisamehe kwa kunyamaza. Mimi ni mzima. Paa nimelitengeneza, na Redio ndiye aliyenishikia ngazi, akaongea muda wote mpaka nikamaliza haraka kuliko kawaida.

Nilirudi.

Barua yako ilikuja wiki ile ile na karatasi ya Mshauri. Yake ilikuwa fupi, nimeitunza, nainakili hapa. "Fundi, swali langu lilikuja haraka. Ulinipa kazi ya mikono yako, mimi nikakupa mtihani. Alhamisi zote ambazo hukuja nilikuwepo saa tisa, na ijayo nitakuwepo. Kiti chako kipo."

Sijawahi kuona mtu mwenye ofisi akiandika kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nilipanda zile ngazi bila mfuko wa vifaa, mikono inaning'inia sijui niipeleke wapi. Akarudia kwa mdomo, "Nilikuumiza. Ningekaa kwanza nikakisikia kiti kilivyotulia, halafu ndiyo niulize." Nikamwambia, "Ni kweli mama, uliniumiza." Kijiko, tangu nizaliwe sijamwambia mtu maneno hayo. Nilingoja dari ianguke. Haikuanguka. Akasema, "Asante kuniambia," na bado tulikuwa pale pale, yeye na mimi na mkeka. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na yeye akacheka, na kile kiti hakikulia.

Kisha akauliza taratibu kama kuna mtu mwingine niliyemtengenezea kitu badala ya kukaa naye.

Nikamweleza. Na wewe nakueleza leo, kwa mara ya kwanza. Siku ile mchana Mama yako alikuwa kitandani, na kile kimeza chake cha dawa kilikuwa kinayumba. Akapapasa kitanda kwa mkono, akasema, "Njoo ukae hapa kidogo." Nikasema, "Ngoja nikaze hiki kwanza." Nikaenda karakana kutafuta skrubu ya kutosha tundu lile. Nilizijaribu nyingi. Nilipopata iliyo sawa nikarudi mbio, nimefurahi. Alikuwa ameshaondoka. Hazikuzidi dakika kumi.

Ndiyo hiyo skrubu iliyokuwa mfukoni.

Mshauri hakuniambia nisijilaumu. Hilo wameniambia wote na halijawahi kuingia. Macho yake yalijaa, akayafuta waziwazi bila kujificha. Akasema, "Ulizoea kumpenda kwa mikono. Siku ile alikuomba kitu ambacho mikono haiwezi, na wewe hukujua kwamba muda ni mfupi vile." Akanyoosha kiganja, nikaiweka skrubu. Aliishika saa nzima wakati nazungumza. Mwisho akanirudishia, ina joto.

Sasa swali lako. Sikukupigia simu siku mbili. Ukaambiwa na Redio ukiwa kazini, ukasafiri, ukafika tumeshazika. Nilikwambia mtandao ulikuwa mbovu. Haukuwa mbovu. Niliogopa utaniuliza nilikuwa wapi anapoondoka. Nilikosea, mwanangu. Nilikunyima kumuaga Mama yako. Usiniambie si kitu.

Kuhusu kile kiti cha mbele, sijui kama nitaweza. Najifunza. Nakaa kwenye kibaraza cha Redio, yeye anashika saa. Jana nilifika dakika kumi na mbili, kisha nikaona bawaba ya dirisha lake imelegea.

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena.

Ni kitu. Kilikuwa kitu kikubwa sana. Nilipofika kwenye kaburi udongo ulikuwa umeshaanza kukauka juu, nikakuona umesimama pembeni unanyoosha fito za uzio, nikakuchukia. Nilikuchukia na nikakupikia uji, vyote siku moja. Mwaka mzima nimekuwa nikipima macho ya watu huku natunga maneno ya kukwambia, na kila nikipiga simu unasema salama.

Barua yako niliisomea dukani. Nililia hadi mteja akavua miwani yake ya jua akanivalisha. Halafu ghafla nikasikia njaa. Nikala mkate mzima, Mjomba, mkavu, nimesimama kama wewe. Mchumba wangu alipokuja kunichukua akaniuliza nimepata nini, mbona nang'aa. Nikamwambia Mjomba ameniomba radhi. Akauliza, "Na hayo machozi?" Nikamwambia ni hayo hayo.

Swali lile sinalo tena. Dakika kumi na mbili si haba. Bawaba ya Redio iache.

Unakumbuka kile kijiko nilikiacha lini?

Kijiko wako


2 Agosti

Kijiko,

Marahaba mwanangu. Kabati limekwisha, nimeliundia uani, litatangulia na gari la mizigo, kwa hiyo mwambie mwenye mwili wake asijaribu kulibeba peke yake.

Kijiko ulikiacha siku ya kumi, kwenye dirisha la jikoni. Mama yako alikuwa anakuonyesha jinsi ya kupuliza povu la sabuni kwa vidole, ukahitaji mikono miwili. Hakuna aliyekunyang'anya. Jioni tuliangaliana tu, naye akaniwekea kidole mdomoni nisiseme.

Skrubu nimeitia kwenye kile kimeza. Iliingia barabara. Alhamisi nilimwambia Mshauri kwamba sasa nanywea chai hapo, nimekaa. Akauliza chai ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa ya moto, sikujua chai huwa moto hivyo, nimezoea kuikuta imepoa. Tulizungumza habari za Mama yako saa nzima, mambo ya kuchekesha matupu, jinsi alivyokuwa akiimba nyimbo za watu kwa maneno yake mwenyewe. Nilitoka pale nikamkuta mwenye duka la vifaa vya shule ananitazama, nikagundua naimba.

Nimefika dakika arobaini na tano. Redio ndiye aliyechoka.

Nakuja. Bisibisi naiacha nyumbani.

Mjomba wako


7 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumepokea salamu kwamba ulifika vizuri. Sisi wazima, mimi na mume wangu. Nimeliandika neno hilo kwa herufi za kawaida lakini ujue nililijaribu kwanza mara tatu kwenye karatasi nyingine.

Picha zimetoka. Nakutumia tatu, uone alivyo katika zote amesimama nyuma yangu kama mlinzi wa benki. Dada yake bado anacheka. Wewe ulikuwa mbele kabisa, uliona, lakini ngoja nikusimulie nilivyoona mimi.

Katikati ya hotuba ya yule baba aliyekumbatia kikoba chake cha ngozi, nilisikia kiti cha mume wangu kikilia. Mguu wa nyuma. Akajitikisa kidogo, kikalia zaidi, kikainama. Baba wa kikoba akakatiza hotuba. Ukumbi mzima, Mjomba, watu mia mbili, wakageuza shingo kukutazama wewe. Hata wapishi walichungulia. Nikaona mkono wako unapanda kwenye mfuko wa shati, unapapasa, hamna kitu. Ukaushusha. Ukauweka juu ya kitambaa cha buluu, kwenye kiti cha pili, ukaegemea nyuma na kunyoosha miguu.

"Mniwie radhi," ukasema, "leo nimekaa."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mume wangu akainuka polepole, akakisukuma kiti pembeni, akasimama mpaka mwisho na wala hakununa. Nami niliangalia mbele nikawaona wazazi wangu wawili.

Ulikaa saa tatu na robo. Redio alinipigia simu kuuliza.

Kijiko


19 Septemba

Mwanangu Kijiko,

Marahaba, na mumeo pia. Picha nimezipokea, moja nimeiweka juu ya kile kimeza. Mwambie mumeo namtengenezea kiti cha mbao nzito, miguu sita kama ikibidi. Paka wake wa doa anakula vizuri, aje amchukue.

Kwa Mshauri bado nakwenda, ila sasa ni mara moja kwa mwezi. Tulikubaliana wote wawili. Nilimsimulia harusi, nikamwonyesha jinsi nilivyoegemea. Alisema angependa kuwa na picha yake akilini, nikarudia tena mara mbili.

Jumatatu nimefungua karakana. Vumbi lilikuwa la kulimia. Kabla sijamaliza kufagia akaja mama mmoja amebeba kiti kichwani, mgongo wa kiti umevunjika. Nilikipokea, na vidole vyangu vikaanza kutafuta kiungo kilicholegea, unajua vilivyo. Nikasema kesho kitakuwa tayari. Hakuondoka. Alisimama ameshika mfuko wake kwa mikono miwili.

"Kilikuwa cha mume wangu," akasema.

Nikakiweka chini. Nikafuta viti viwili kwa kiganja, nikavisogeza karibu na mlango penye mwanga.

"Karibu ukae, mama," nikamwambia. "Kiti hakina haraka."

Nami nikakaa.

Mjomba wako